Nani Aliwaleta Askari Shuleni

Jino lenyewe lilikuwa la utoto, tena lilikuwa limekwisha legea. Darasa zima la tatu lilijua, maana Précieuse alikuwa akilitikisa kwa ulimi mbele ya wenzake ili wacheke. Lakini siku ile liling'oka kwa kofi. Damu ikachuruzika juu ya shati jeupe la shule, na aliyempiga alikuwa Safiya, rafiki yake aliyekaa naye dawati moja.

Mwalimu wao Claudine aliwaleta wote wawili ofisini kwa Euphrasie, mkuu wa shule, ambaye wazazi wa mtaa wa Kabondo walizoea kumwita Mama Directrice.

"Bon, nani alianza?" Euphrasie akauliza.

"Ni yeye alinipiga," Précieuse akasema, kiganja kikiwa mdomoni.

"Alisema papa yangu anashonea wauaji nguo," Safiya akajibu, naye machozi yakimlengalenga.

 Maneno kama hayo hayazaliwi kichwani mwa mtoto wa miaka minane. Ulikuwa mwaka wa 2000, na ndani ya mji wa Kisangani, Kongo, walikaa askari wa majeshi mawili ya kigeni, walioingia wakiwa marafiki na sasa wanatazamana kama majogoo. Mwezi wa nane wa mwaka uliopita walikuwa wamekwisha pigana barabarani, na maiti walizikwa na wenyeji. Watu hawakupenda kuyataja majeshi hayo kwa majina. Waliwaita tu watu wa kiwanja, kwa ajili ya kiwanja cha ndege, na watu wa daraja, kwa ajili ya daraja la mto Tshopo. Mwenye biashara alikuwa na upande, apende asipende. Katembo, baba yake Précieuse, mtu wa Kivu ya Kaskazini aliyeuza chumvi na sabuni kwa jumla, alipokea mali yake kwa ndege, kwa hiyo alikunywa bia na watu wa kiwanja. Alfani, baba yake Safiya, fundi cherehani wa familia moja ya Waislamu wa tangu zamani mjini, aliwashonea sare maofisa wa daraja. Nao kila mmoja, akirudi nyumbani, alimsema mwenzake watoto wakisikia.

Euphrasie angeweza kuwaita wazazi wote wanne siku ileile na kuyamaliza. Hakuwaita. Aliwaagiza watoto waombane msamaha, akampa Précieuse maji ya chumvi asukutue, na akajiambia: mambo ya watoto haya, kesho wataruka kamba pamoja.

Saa ya kutoka, mama zao walikutana langoni. Kavugho, mama yake Précieuse, alipoona shati la damu hakuuliza mara mbili. Alimvamia Kadidja, mama yake Safiya, wakashikana, kitambaa cha kichwa cha Kadidja kikaanguka matopeni na watoto wakapiga kelele kama wako mpirani. Euphrasie alitoka mbio.

"Mama Précieuse! Mama Safiya! Hapa iko masomo, iko shule, haiko soko!"

"Amevunja mutoto yangu jino, na wewe unamuficha!" Kavugho akahema.

"Jino la utoto, mama. Lingine litaota."

"Litaota?" Kavugho akakusanya kitenge chake na kumshika mtoto mkono. "Bon. Tutaona."

Usiku kucha Euphrasie aliisikia ile "tutaona".

Kesho yake Katembo alikuja mwenyewe, shati limepigwa pasi, na nyuma yake askari mrefu wa kiwanja, mwenye adabu, bunduki begani. Lango la shule lilikuwa la mbao, lenye mnyororo na kufuli, na ufunguo ulikuwa mkononi mwa Euphrasie.

"Mama Directrice, huyu iko ndugu," Katembo akasema kwa sauti tamu. "Anataka tu kuongea kidogo na watoto. Ya discipline, ya adabu."

Angeweza kukataa. Aliitazama bunduki. Akamtazama Katembo, ambaye ndiye aliyeiletea shule mabati ya darasa la kwanza baada ya vita vya mwezi wa nane. Kisha akafungua, na alipokuwa akifungua alijua kuwa anakosea, kama mtu anayejiona akiteleza na bado hana pa kushika.

Askari alikwenda moja kwa moja hadi darasa la tatu akamwita Safiya kwa jina lake. Alimpigisha magoti juu ya changarawe katikati ya uwanja, juani, yeye akaketi kivulini pa ukuta akimenya karanga. Claudine alitoka kumwombea mtoto. Askari alimjibu kwa tabasamu tu, akaisogeza bunduki ikalala juu ya mapaja. Madirishani nyuso za watoto zilijaa. Précieuse hakuwa miongoni mwao. Alikuwa amelaza kichwa juu ya dawati, amejiziba masikio, ingawa hapakuwa na sauti yoyote ya kusikia.

Kengele ya mapumziko ilipolia, askari alijipangusa maganda, akaaga na kwenda zake. Euphrasie akamwinua Safiya na kumwosha magoti. Mtoto hakulia. Alimtazama tu.

Siku iliyofuata Euphrasie aliamka amekata shauri kwamba lango halitafunguliwa mtu mwenye silaha, hata aje na nani. Alichelewa. Alipofika, kufuli lilikuwa limevunjwa kwa teke, na Alfani alisimama uwanjani na askari wawili wa daraja. Mtu mpole yule, ambaye kila mwaka aliwashonea watoto maskini sare bila kudai kitu, sasa macho yalikuwa mekundu.

"Mwanangu alipigishwa magoti, Mama Directrice. Leo Katembo naye atapiga magoti."

"Papa Alfani, watoto wameingia darasani."

"Na jana walikuwa wapi?"

 Kabla Euphrasie hajajibu, pikipiki zilinguruma barabarani. Mtaani habari hazina miguu lakini hufika; Katembo alikuwa amekwisha ambiwa. Aliingia na askari wake wa jana pamoja na mwingine, na nyuma yao Kavugho akikimbia. Kutoka upande wa pili Kadidja naye akaja, amejifunga kanga vibaya, akimwita mume wake kwa jina.

Basi bunduki nne zikawa uwanjani, mbili huku, mbili kule, na madarasa katikati. Euphrasie aliwapungia walimu mkono, watoto walale chini ya madawati. Kisha akaenda kusimama kati ya wale baba wawili. 

"Papa Katembo," akasema, "Précieuse iko nyuma ya dirisha ile. Papa Alfani, Safiya iko palepale, dawati moja. Sasa waambieni hawa ndugu zenu wapige risasi kwenda wapi."

Wote wawili waligeuka kutazama dirisha. Katembo akalegea kwanza. "Ndugu," akamwambia askari wake, "bon, tuache. Yameisha." Alfani naye akawageukia wake, mikono juu, akiwasihi.

Lakini mbwa wa kuazima hamsikii aliyemwazima. Askari walikuwa wamekwisha sahau jino, magoti na Katembo. Walikuwa wanatukanana kwa lugha zao, vidole kwenye vyuma, na ugomvi ulikuwa umekwisha kuwa wa kwao. Kavugho akapiga yowe. Mmoja wa watu wa daraja, labda kwa kutishia tu, labda kwa woga, akafyatua.

Risasi ilipasua bati la darasa la kwanza. Haikumpata mtu. Lakini bati lililia kama mbingu imevunjika, na wadogo wale, wa miaka sita na saba, wakatoka chini ya madawati na kukimbilia mlango ambao ulikuwa mwembamba. Askari, kila upande ukidhani mwenzake ana wengine wamejificha, walirudi kinyumenyume hadi nje, hawa wakaenda huku na wale kule. Vumbi lilipotulia, palibaki kizingitini mtoto mmoja ambaye hakuweza kuinuka. Jina lake Viviane. Paja lilikuwa limepinda mahali pasipo na kiungo.

Jumamosi wazazi walijaa darasa la sita, wengine wakasimama madirishani. Euphrasie aliketi mbele na kuwasikiliza. Katembo alisema risasi ilitoka kwa mtu wa daraja, kila mtu aliona. Alfani akauliza nani aliwaleta wa kwanza. Kavugho akasema yote yasingetokea kama mtoto wa mtu angefundishwa adabu nyumbani, na Kadidja akasimama, wakamkalisha. Walipigizana kelele hadi mzee mmoja mwenye koti akainua mkono.

"Tunagombana bure," akasema. "Ubaya iko kwa basoda, hawa watu wa bunduki. Sisi raia tungefanya nini?"

Watu wakaitikia, eeh, ni kweli, basoda. Euphrasie aliona mabega yakishuka chumba kizima. Lawama ilikuwa imepata pa kwenda: kwa watu ambao hakuna mtu angewafuata kuwauliza. Sasa kila mmoja angerudi nyumbani akale. Hata yeye mwenyewe alisikia kifua chake kikilegea, na ni hapo alipogutuka.

"Hapana," akasema, akasimama. "Basoda hawakujua njia ya masomo hii. Walionyeshwa. Papa Katembo aliwaonyesha. Papa Alfani aliwaonyesha. Na mimi, siku ya jino sikuwaita ninyi tuongee, na siku ya pili nikafungua lango. Sikupiga risasi, lakini ufunguo ulikuwa kwangu."

Chumba kikachafuka upya. Mmoja akataka aondolewe, mwingine akauliza ni nani mwingine angefundisha bila mshahara. Katika fujo hiyo mwanamke aliyekuwa ameketi nyuma kabisa alisimama, na harufu ya moshi wa samaki ikasimama naye. Alikuwa Clémence, mama yake Viviane. Watu wakanyamaza kwa aibu, maana katika kelele zote zile hakuna aliyekuwa amelitaja jina la mtoto wake.

"Mimi sikuja kusikia nani alikosa," akasema. "Nina neno moja tu. Mutoto yangu analala, muguu imefungwa na mbao. Hawezi kujigeuza. Asubuhi niko Wagenia kwa wavuvi kuchukua samaki, mchana niko soko. Papa yake alikufa kwa vita ya mwezi wa nane. Alors, nani atamugeuza?"

Katembo akakohoa, mkono ukaenda mfukoni. "Tutachanga kitu, mama."

"Feza haimugeuzi mutoto, Papa Katembo."

 Mwishowe Kadidja akasema, kichwa chini, "Mimi nitakuja kesho."

Macho yote yakamhamia Kavugho. Alikuwa amekunja uso, amekaza kitenge kiunoni. Alikuwa na duka, alikuwa na wateja, hakufyatua bunduki. Aliyasema yote hayo kwa macho. Kisha akatema: "Bon! Mimi kesho kutwa."

Euphrasie alichukua jioni zote. Na kabla wazazi hawajatawanyika, akawatangazia: tangu leo hakuna mtoto atakayetoka langoni ila kwa mkono wa mzazi wake mwenyewe. Akarudia mara mbili, wote wasikie.

Ikawa hivyo. Nyumba ya Clémence ilikuwa ya matofali mabichi, chumba kimoja na ukumbi, na Viviane alilazwa juu ya mkeka mnene karibu na mlango ili aone watu wa barabarani na baiskeli za toleka zikipita na abiria. Kadidja na Kavugho walipeana zamu bila kupeana salamu. Mmoja alipoingia mwingine alikuwa ameanza kutoka. Lakini mtoto aliyelala hana kazi ila kuongea.

"Mama Safiya anatia sukari mingi kwa uji," Viviane alimwambia Kavugho siku moja, Euphrasie akisikia kutoka ukumbini. "Yako ni chungu kidogo."

 Zamu yake iliyofuata Kavugho alileta sukari kwenye mkebe. Baada ya hapo Kadidja akaleta mandazi. Euphrasie aliogopa hata kutabasamu. Mjini hewa ilikuwa nzito. Watu wa kiwanja walichimba mahandaki upande huu, watu wa daraja upande ule, redio zilisema majeshi yataondoka, na usiku mizinga ilijaribiwa mbali. Alilala na viatu karibu. Kila mara aliposikia mlio alihesabu watoto kichwani, nani anakaa wapi, nani mama yake yuko wapi saa hii.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita mizinga haikujaribiwa tena, ilipigwa kweli. Bomu la kwanza lilipita juu ya Kabondo likivuma, likaangukia kusikojulikana, na la pili likaanguka karibu. Watoto wakalala chini. Wazazi wakaanza kufika wakikimbia, na Euphrasie akasimama langoni akiwatoa mmoja mmoja, mama na wake, baba na wake, akiwasukuma waende, waende.

Kadidja alifika bila viatu. Safiya alitoka, na Précieuse akatoka naye. Walikuwa wameshikana mikono. Tangu lini walikuwa wamepatana, Euphrasie hakujua.

"Mama Précieuse iko kwa Viviane," Kadidja akasema, akihema. "Leo ni siku yake. Hawezi kuacha ule mutoto, na hawezi kumubeba na ile mbao. Papa Katembo alienda Butembo. Nipe huyu, nitakwenda naye."

"Mama Safiya, nilisema..."

"Najua ulisema."

Bomu lingine. Udongo uliruka nyuma ya nyumba za jirani, na mtoto ndani akaanza kumwita mama yake kwa sauti nyembamba. Euphrasie alimtazama Précieuse. Akimtoa, na bomu likawakuta njiani, nani atajibu? Akimzuia, na paa likawaangukia, nani atajibu? Yeye. Njia zote mbili zilirudi kwake, na hapakuwa na mkutano wa kuwauliza wazazi.

"Mupeleke," akasema. "Kimbieni."

Aliwaona wakiinama, wakivuka barabara, mwanamke katikati na watoto wawili pembeni, wakapotea nyuma ya ukuta. Yeye na Claudine walibaki na wale ambao hawajajiwa, kifudifudi sakafuni, mpaka mama wa mwisho alipofika akitambaa.

Kisha zikaja siku ambazo Kisangani nzima ililala chini. Euphrasie alikuwa chini ya kitanda cha dada yake, shavu juu ya saruji, midomo ikinuka vumbi. Hawakuwa na maji. Kila bomu lilipoanguka aliuliza: huko ndiko anakokaa Kadidja? Aliwaona watoto wawili wakivuka barabara, akawaona tena, wakafika, hawakufika. Aliomba rozari, akapotea katikati, akaanza upya.

Mizinga iliponyamaza watu walitoka nje kama wagonjwa. Euphrasie alikuwa bado mlangoni kwa dada yake, akifunga kitambaa, alipomwona Kavugho anakuja, kitenge kilekile cha siku ile, kimekuwa rangi ya udongo. Hakusalimu.

"Nimekaa na ule mutoto chini ya meza mpaka mama yake alipopata njia ya kurudi toka mtoni," akasema. "Yuko muzima. Sasa, mutoto yangu iko wapi?"

"Nilimpa Mama Safiya."

Kavugho alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. "Ulimupa nani?"

"Kadidja."

"Ulisema mbele ya watu wote, mutoto kwa muzazi wake tu! Ulisema mara mbili! Nani alikupa ruhusa?"

"Hakuna. Nilitoa mimi."

Kavugho akainua mkono. Euphrasie hakurudi nyuma. Alifumba macho tu. Alipofumbua, mkono ulikuwa bado hewani.

"Twende," Kavugho akasema. "Kama hayuko, utaniambia wewe, macho kwa macho."

Wakaenda. Barabara ilikuwa imejaa matofali, majani ya miti, na vitu ambavyo mtu hatazami mara ya pili. Nyumba ya Alfani ilikuwa imepigwa. Nusu ya paa ilikuwa ndani, na cherehani ilisimama peke yake kwenye jua. Kavugho alikaa chini palepale kama mtu aliyekatwa miguu. Euphrasie aliita, akazunguka nyuma, akaita tena. Jirani mmoja akatoa kichwa.

"Walienda musikitini. Siku ya kwanza. Sijui zaidi."

Kavugho aliinuka akakimbia, na Euphrasie akamfuata, sauti ya pumzi yake mwenyewe ikimjaa masikioni.

Ua wa msikiti ulikuwa umejaa watu, masufuria, magodoro. Walizunguka kati ya familia wakiomba radhi. Kavugho ndiye aliyemwona kwanza: msichana mwembamba aliyevaa gauni la mtu mwingine, nywele zimesukwa upya mistari midogo midogo, akipembua mchele pamoja na Safiya kwenye ungo mmoja. Alimnyakua, ungo ukapinduka. Alimpapasa kichwa, mgongo, miguu, kama anayetafuta kitu kilichopotea mwilini mwake, na wote wawili wakalia kwa sauti.

Kadidja alikuwa ameegemea ukuta, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa chenye doa. Alfani alikuwa amelala kando yake, amechoka kuchimba makaburi. Kisha Kavugho akamgeukia Kadidja.

"Alikula?" akauliza.

"Alikula. Lakini anachagua, mutoto yako. Majani ya pondu hataki."

"Hataki," Kavugho akasema, akipangusa pua kwa ncha ya kitenge. "Hata nyumbani hataki."

Akaketi chini, kando ya ukuta, si karibu sana. Kisha akaanza kuokota mchele uliomwagika, punje kwa punje, na kuurudisha kwenye ungo. Kadidja akamsaidia kwa mkono mmoja uliobaki mzima. Hakuna aliyeomba msamaha, siku hiyo wala baadaye, kwa kadiri Euphrasie alivyojua. Viviane alitembea tena mwezi wa tisa, akivuta mguu kidogo, na ataendelea kuuvuta.

Uani pale Euphrasie alikuwa bado amesimama.  Kadidja alimwinulia macho.

"Keti, Mama Directrice. Masomo iko? Shule ilibaki?"

"Sijui," Euphrasie akajibu. "Bado sijafika. Nilikuja hapa kwanza."